Kocha anataka binti yangu ahamie mita 100 kama Dutee Chand: je, itamsaidia?

Swali: Mwalimu, binti yangu ana miaka 16 na anakimbia mita 400. Sauti yake ni nzito na amejengeka misuli. Mashindano ya kaunti mwaka huu wazazi wa wasichana wengine walipiga kelele kwamba akaguliwe. Kocha ananiambia nisihofu, ahamie tu mita 100 na 200 kama yule Mhindi, Dutee Chand, maana alishinda kesi na sheria ya homoni haigusi mbio fupi. Jirani yangu naye anasema huyo huyo Mhindi alifungiwa kwa dawa. Nimsikilize nani?

Jibu: Mama, hakuna aliyekudanganya hapo, ila kila mmoja amekupa kipande chake. Jirani anasema kweli kwamba Dutee Chand alifungiwa miaka 4 kwa dawa. Anapokosea ni kudhani hiyo ndiyo ile kesi ya homoni. Kocha naye anasema kweli kwamba alishinda, na kwamba kuna wakati mbio fupi hazikuguswa. Tatizo ushauri wake umechacha. Ulifaa hadi Machi 2023.

Nitakueleza safari ya huyu dada kwa kirefu kidogo, kwa sababu ukiijua utaielewa sheria kuliko ukisomewa vifungu.

Dutee alizaliwa tarehe 3 Februari 1996 kijijini Gopalpur, wilaya ya Jajpur, jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Wazazi wake ni wafumaji wa nguo kwa mikono, na nyumba ilikuwa na watoto saba wa kulishwa kwa kazi hiyo. Dada yake mkubwa, Saraswati, ndiye aliyeanza kukimbia, na Dutee akawa anamfuata mazoezini, pekupeku, kando ya mto. Mwaka 2006, akiwa na miaka 10, alichukuliwa kwenye bweni la michezo la serikali mjini Bhubaneswar. Wewe huhitaji kuelezwa kwa nini familia maskini inamwachia mtoto wa miaka 10 aondoke. Kwetu binti akikimbia vizuri kuna Polisi, kuna Magereza, kuna Jeshi. India kuna polisi pia, na kuna shirika la reli, ambalo limeajiri wanariadha wengi. Mbio ni ajira kabla hazijawa medali.

Alipanda haraka. Mwaka 2012 alikuwa bingwa wa taifa wa walio chini ya miaka 18. Mwaka 2013 alichukua shaba ya mita 200 kwenye mashindano ya Asia mjini Pune, na katika mashindano ya dunia ya vijana mjini Donetsk akaingia fainali ya mita 100, jambo ambalo hakuna Mhindi aliyekuwa amelifanya kwenye mashindano ya ngazi ya dunia. Mwaka 2014, mjini Taipei, akarudi na dhahabu mbili za vijana wa Asia, moja ya mita 200 na nyingine ya kupokezana vijiti mara nne mita 400. Alikuwa na miaka 18, na timu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow ilikuwa karibu kuondoka.

Hakuondoka nayo. Julai 2014, baada ya vipimo ambavyo anasema hakuelezwa vizuri ni vya nini, aliambiwa kwamba testosteroni, homoni inayojenga misuli, imezidi katika damu yake kiwango kinachoruhusiwa kwa wanawake. Kiwango chenyewe kiliwekwa mwaka 2011 na Shirikisho la Riadha Duniani: nanomoli 10 kwa lita. Shirikisho lilikiandika baada ya kelele za mashindano ya dunia ya Berlin mwaka 2009, Caster Semenya wa Afrika Kusini aliposhinda mita 800 akiwa naye ana miaka 18. Mwanamke aliyezidi hapo aliwekewa njia mbili tu, ashushe homoni kwa dawa au kwa upasuaji, au akae nje. Na habari ambayo ilipaswa kubaki baina yake na daktari ikavuja magazetini. Kijiji kizima kikajua, kisha India nzima.

India ilikuwa imeshaliona jambo hili. Santhi Soundarajan, binti wa Tamil Nadu, alipata fedha ya mita 800 katika Michezo ya Asia ya Doha mwaka 2006, akapimwa, akanyang'anywa, na maisha yake ya mbio yakaishia pale. Hakukata rufaa. Yaliyompata Santhi ndiyo yaliyowafanya watu kadhaa wamzunguke Dutee mapema, akiwemo mtafiti Payoshni Mitra. Mamlaka ya michezo ya India nayo ikaunga mkono rufaa, na mawakili wa Toronto wakaichukua kesi bila malipo. Dutee mwenyewe alikataa dawa na akakataa kisu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kabisa: sijaweka kitu mwilini mwangu, na siumwi, mnanitibu nini?

Kesi ilisikilizwa Lausanne, kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na uamuzi ukatoka Julai 2015. Hapa naomba tutembee polepole, kwa sababu hapa ndipo kocha wako na wengine wengi wanapoteleza. Mahakama haikusema testosteroni ya asili haisaidii. Ilikubali kwamba inachangia. Ilichouliza ni kiasi gani. Wanaume na wanawake wa kiwango cha juu hutengana kwa asilimia 10 hadi 12. Chukua hata rekodi za dunia za mita 100, sekunde 9.58 ya Usain Bolt na 10.49 ya Florence Griffith-Joyner, utaona pengo linakaribia hapo. Sasa, kwa vile sheria inawabagua wanawake wachache, mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa shirikisho. Lionyeshe kwamba wanawake hawa wanapata faida inayokaribia pengo hilo, si faida kama ya mtu aliyezaliwa na miguu mirefu au mapafu makubwa. Halikuweza. Mahakama ikaisimamisha sheria na kulipatia shirikisho miaka miwili lirudi na ushahidi.

Kwa hiyo alichopata Dutee ni nafasi ya kupumua, wala haikuwa ruhusa ya milele. Tena sheria haikusimamishwa kwake peke yake. Ilisimamishwa kwa kila mwanamke duniani.

Na hapo ndipo kesi ya binti wa mfumaji wa Odisha inapoingia nyumbani kwetu. Rio, Agosti 2016, fainali ya mita 800: Semenya dhahabu kwa 1:55.28, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha kwa 1:56.49, Margaret Wambui wetu shaba kwa 1:56.89. Wote watatu baadaye waliguswa na sheria mpya ya homoni. Wangekimbia chini ya ile ya 2011, mbio zile zingekuwa nyingine kabisa. Dutee mwenyewe alifuzu kwenda Rio kwa sekunde 11.24 alizokimbia Almaty, akawa mwanamke wa kwanza wa India kukimbia mita 100 za Olimpiki tangu P. T. Usha mwaka 1980. Akatoka raundi ya kwanza kwa 11.69. Mimi hilo huwa linanichekesha na kuniuma kwa pamoja: mwenye kesi alirudi nyumbani mapema, walionufaika na kesi yake wakapanda jukwaani.

Sasa tuje kwenye mbio fupi. Mwaka 2017 watafiti wa shirikisho walichapisha takwimu za damu kutoka mashindano ya dunia ya 2011 na 2013. Walisema wanawake wenye testosteroni ya juu zaidi walifanya vizuri kuliko wenye ya chini kabisa katika michezo mitano: mita 400, mita 400 kuruka viunzi, mita 800, kurusha nyundo na kuruka kwa upondo. Mita 100 na 200 hazikuwemo. Sheria iliyotangazwa Aprili 2018 ikafunga kuanzia mita 400 hadi maili moja, na kushusha kiwango hadi nanomoli 5. Ukiwa makini utauliza: nyundo na upondo vimeenda wapi? Na mita 1500 imetoka wapi, ambayo haikuonyesha chochote? Maswali hayo yaliulizwa sana, na mwaka 2021 watafiti wenyewe walichapisha sahihisho wakikiri kwamba matokeo yale ni ya kuchunguzwa zaidi, hayathibitishi kwamba homoni ndiyo sababu.

Kwa Dutee ilikuwa kama mvua kukatika. Alikuwa mtu wa 100 na 200. Sheria iliyompeleka mahakamani ikafutwa, mpya haikumgusa, akajitokeza hadharani kumpa Semenya timu yake ya mawakili, kisha akarudi kazini kwa kocha Nagapuri Ramesh kule Hyderabad.

Na kazi ilionekana. Agosti 2018, Michezo ya Asia, Jakarta, fainali ya mita 100. Edidiong Odiong, mzaliwa wa Nigeria aliyeiwakilisha Bahrain, 11.30. Dutee 11.32. Wei Yongli wa China 11.33. Wanawake watatu ndani ya sehemu tatu za mia za sekunde. Kwa mwendo ule ni kama sentimita 30, na kati ya Dutee na Mchina ni sentimita 10 au karibu yake. India haikuwa imepata medali ya mita 100 ya wanawake kwenye michezo hiyo kwa miaka 20. Akaongeza fedha ya mita 200 kwa 23.20. Serikali ya Odisha ikamzawadia rupia milioni 30. Mwaka uliofuata, Napoli, akashinda mita 100 za michezo ya vyuo vikuu duniani, kwa 11.32 ileile. Mwaka huo huo wa 2019 alitangaza kwamba yuko kwenye uhusiano na mwanamke mwenzake, mwanamichezo wa kwanza wa India kusema hivyo wazi, na hapo alipoteza sehemu ya nyumba yake, dada yule yule aliyemfundisha kukimbia akiwa miongoni mwa waliompinga. Juni 2021, Patiala, akakimbia 11.17, rekodi ya taifa. Tokyo mwezi mmoja baadaye mambo hayakwenda: 11.54 na 23.85, raundi ya kwanza zote.

Kwa hiyo kocha wako alikuwa na mfano, na hakuwa peke yake kuuona. Maximila Imali, Mkenya mwenzetu, aliacha mita 400 na 800 akashuka hadi 100 na 200. Christine Mboma wa Namibia alizuiwa mita 400 wiki chache kabla ya Tokyo, akakimbia 200, akachukua fedha. Niyonsaba alipanda badala ya kushuka: akaenda mita 5000 na 10,000, na Septemba 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 kwa 5:21.56 mjini Zagreb. Wambui hakupata pa kuhamia. Mtu wa mita 800 huwezi kumwambia tu aende akachomoke na wenye mita 100.

Halafu mlango ukafungwa. Tarehe 31 Machi 2023 sheria ilianza kugusa mbio zote na michezo yote ya uwanjani, kiwango kikawa nanomoli 2.5, na mwanamke alitakiwa awe chini ya hapo kwa miezi 24 mfululizo. Imali akajikuta nje ya zile mbio fupi alizokimbilia, akapeleka malalamiko mahakamani. Na kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 kimewekwa kipimo cha jeni iitwayo SRY, kinachofanywa mara moja tu maishani, kwa ute wa ndani ya shavu au damu, kwa kila mwanamke anayetaka kukimbia mashindano makubwa ya dunia. Jeni hiyo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y na ndiyo inayoelekeza mwili wa mtoto tumboni utengeneze korodani. Kipimo hicho hakijali kama unakimbia mita 100 au elfu kumi.

Upande wa dawa nitaupitia upesi. Tarehe 5 na 26 Desemba 2022, huko Bhubaneswar, Dutee alichukuliwa sampuli nje ya mashindano, zikakutwa na kemikali za kundi la SARM, dawa zinazofanya kazi kwenye misuli kama testosteroni. Akafungiwa miaka 4 kuanzia tarehe 3 Januari 2023, adhabu inayokwisha Januari 2027, mwezi mmoja kabla hajatimiza miaka 31. Alijitetea kwamba alishauriwa na mtu wa tiba ya viungo kwa ajili ya maumivu, jopo halikuridhika. Rekodi yake ya 11.17 ni ya kabla ya sampuli hizo, kwa hiyo haikuguswa.

Tofauti yake na kesi ya kwanza ni hii. Seli za misuli zina vipokezi, vichukulie kama kufuli. Testosteroni ya mwili ni ufunguo uliokuja na nyumba; mwaka 2014 Dutee alishtakiwa kwa ukubwa wa ufunguo aliozaliwa nao. SARM ni ufunguo uliochongwa na fundi, unaingia kwenye kufuli ileile na kuifungua. Ni pufya, kama tunavyoziita Kenya dawa zilizokatazwa michezoni, na katika pufya kinachokutwa mwilini ni chako hata kama aliyekupa ni mtu unayemwamini. Anayesema "ile kesi ya kwanza ilikuwa uongo, kumbe alikuwa akitumia" anachanganya miaka minane na makosa ya aina mbili. Mwaka 2014 hakuna aliyemshtaki kwa kutumia kitu. Nakuomba uizingatie hiyo kwa ajili ya binti yako pia: SARM zinauzwa mitandaoni na kwenye majimu kama virutubisho, kwenye makopo mazuri tu. Asimeze unga wa mtu.

Sasa binti mwenyewe.

Sauti nzito si kipimo. Misuli si kipimo; anakimbia mita 400, ulitaka awe na nini? Wazazi waliopiga kelele hawana mamlaka ya kumkagua, wala mwalimu, wala ofisa wa kaunti. Mtu yeyote akitaka kumvua nguo "kuangalia", hiyo si sheria ya riadha ya mahali popote, na hapo usibishane naye, nenda polisi. Kipimo halali ni hicho cha shavu au damu, kinasimamiwa kupitia chama cha riadha cha taifa, na kinahusu anayekwenda mashindano ya kimataifa. Mashindano ya kaunti hayamo.

Kuna jambo moja nitakuuliza kama mzazi, na si lazima unijibu mimi. Je, ameanza hedhi? Kama ameanza na inakwenda vizuri, mwache akimbie. Kama ana miaka 16 na haijaanza, mpeleke kwa daktari wa homoni katika hospitali ya rufaa, hata kama hangekuwa mkimbiaji, kwa sababu sababu zake ni nyingi na nyingine ni za kutibiwa mapema. Wasichana wanaojizoeza sana na kula kidogo pia huchelewa au hukatika, na mimi nimewaona hao wengi kuliko wote. Nenda naye wewe, si kocha. Matokeo yawe yake na yako. Yaliyompata Dutee magazetini yalianza kwa karatasi iliyopita mikono mingi.

Na ikitokea siku moja mtu akakwambia apasuliwe ili akimbie, simama hapo hapo. Annet Negesa wa Uganda, bingwa wa mita 800 wa Michezo ya Afrika mwaka 2011, alisimulia hadharani mwaka 2019 jinsi alivyofanyiwa upasuaji mwaka 2012 bila kuelewa kitakachofuata, na mwili haukurudi ulivyokuwa. Shirikisho lilikana kuhusika. Dutee alikuwa na umri mdogo kuliko Negesa alipokataa, na alichokuwa nacho cha ziada ni watu wa kumweleza karatasi inasema nini kabla hajasaini.

Kuhusu kuhama: akiwa na mwendo wa mita 200 utajionyesha wenyewe, maana mkimbiaji wa 400 wa miaka 16 anapaswa kukimbia 200 mara kwa mara mazoezini na hata kwenye mashindano. Mwambie kocha ampime saa mita 200 akiwa amepumzika. Kama muda wake wa 400 unakaribia ule wa 200 mara mbili ukiongeza sekunde tatu au nne, huyo ni wa 400, na kumhamisha ni kumpotezea msimu.